Ikama Isomwe Kwenye Ratiba

Ukitaka kujua kama shule ya sekondari ina walimu wa kutosha, acha kwanza orodha ya watumishi. Omba ratiba iliyobandikwa ofisini kwa mwalimu wa taaluma.

Tuchukue sekondari ya kata yenye mikondo mitatu kila kidato, yaani madarasa 12 kutoka kidato cha kwanza hadi cha nne. Tuseme kila darasa lina vipindi sita vya hisabati kwa wiki. Jumla ni 72. Mwalimu akibeba vipindi 24, na huo ni mzigo hasa ukijumlisha kusahihisha madaftari na zamu, wanahitajika walimu watatu. Lakini shule hiyo inaweza kuwa na walimu 20, wengi wao wa historia na Kiswahili, na wa hisabati mmoja tu. Taarifa inayokwenda halmashauri inaonyesha uwiano mzuri wa mwalimu kwa wanafunzi. Huku kidato cha tatu B wananakili notisi kipindi kizima, na aliyeshika chaki ni kiranja.

Ndiyo maana ikama, yaani idadi ya watumishi wanaohitajika, inayotokana na idadi ya wanafunzi peke yake hainiridhishi. Hesabu iwe ya vipindi, somo kwa somo, ndipo maombi ya kibali cha ajira yapande kutoka kwa mkuu wa shule hadi halmashauri na Utumishi.

Kuna pengo jingine ambalo huonekana mapema, ila hatulitazami. Tarehe ya mtumishi kutimiza miaka 60 ya kustaafu kwa lazima imo kwenye jalada lake tangu alipoajiriwa. Likizo ya uzazi ni siku 84. Mwalimu pekee wa fizikia akiichukua, ambayo ni haki yake kamili, zaidi ya nusu ya muhula wa somo inapotea kwa kuwa hakuna aliyepangwa kumshikia nafasi. Na uhamisho? Mwalimu aliyepangiwa kijijini bila nyumba, mwenza wake akiwa mkoa mwingine, ataandika barua ya kuhama. Mimi nahesabu nyumba ya mwalimu kuwa sehemu ya mpango wa watumishi sawa na mshahara.

Linalonikosesha usingizi zaidi ni Januari 2028. Watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 kwa mtaala mpya wanamaliza elimu ya msingi darasa la sita mwaka 2027. Mwaka huohuo waliowatangulia wanamaliza darasa la saba. Makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja, na yatakwenda pamoja hadi kidato cha nne. Shahada ya ualimu huchukua miaka mitatu, hivyo mwalimu mpya wa kuwapokea alipaswa kuwa chuoni tangu 2024. Kwa Januari hiyo, tegemeo ni wahitimu wa ualimu walio mtaani wakisubiri ajira, pamoja na kuwahamisha walimu kutoka shule zenye ziada ya somo fulani.

Afisa elimu sekondari na afisa utumishi wa kila halmashauri wakae meza moja sasa, waandike vipindi vya mwaka 2028 kwa kila shule na kila somo. Waanze na hisabati na fizikia, kisha masomo ya amali.