Trekta, pori na kikwembe

Juma lililopita kiongozi wetu aliniomba niandike namna ninavyolima shamba langu lenye miti kwa trekta, kwa sababu kuko vikundi vitatu vinavyotaka kukodi mashine kwa pesa ya likelemba. Nimekubali kwa sharti moja: nisimulie yote, hata ile siku ya Julai ambayo wengi wenu mmeisikia nusunusu sokoni.

Shamba liko upande wa barabara ya Kasenga, ukitoka Lubumbashi. Ni hekta 9. Baba watoto alilipata wakati alikuwa bado anafanya kazi mgodini, akalifanyia karatasi, na alipofariki tulibaki mimi, watoto watano na pori. Ninasema pori kwa sababu hekta 2 tu ndizo zilikuwa zimelimwa. Zingine ni miti: mitondo, milombwa, misuku, na vichuguu virefu kuliko nyumba yangu.

Matanga hayajaisha, shemeji yangu akaja na mpango. Atatafuta trekta na vijana wenye misumeno ya moteri, wakate na kung'oa yote, makala yauzwe mjini, mahindi yapandwe kwenye hekta zote 9. "Pori lisilotumika Serikali inalirudisha," aliniambia. Hapo hakudanganya kabisa. Tangu sheria ya 20 Julai 1973 udongo wa nchi yetu ni mali ya Serikali. Sisi tunapewa haki ya kuutumia, na anayepewa anatakiwa kuutumia kweli. Lakini sikuona mahali palipoandikwa kwamba kutumia ni kukata mpaka mti wa mwisho.

Nilimwomba shemeji aketi, nikampikia bukari, kisha nikahesabu mbele yake vitu vinavyotoka katika lile pori bila jembe. Masuku tunayouza kwa sahani kando ya barabara. Vinkubala, ambavyo vinakula majani ya mutondo: ukikata mitondo, mwaka unaofuata hakuna vinkubala. Asali. Kuni za matawi makavu. Na uyoga. Hapa kuko jambo ambalo mimi mwenyewe nilijifunza nikiwa mtu mzima. Sehemu kubwa ya uyoga tunaookota mvua zikikolea unaishi pamoja na mizizi ya miti ya pori letu, mti unaulisha uyoga na uyoga unausaidia mti kupata chakula cha udongo. Ondoa miti, na uyoga ule haurudi, hata mvua inyeshe namna gani. Ule mkubwa kabisa unaotoka kwenye nyumba za mchwa ni wa namna nyingine, huo unalimwa na mchwa wenyewe ndani ya ardhi. Basi trekta ikisawazisha vichuguu, nao unaondoka.

Shemeji alikula, akasema wanawake wanahesabu uyoga wakati wanaume wanahesabu dola. Akaenda zake. Hakurudi kwa miezi miwili, na ninakiri miezi hiyo sikulala vizuri, maana mjane akiwa na shamba kubwa kila mtu anaona ni mali isiyo na mwenyewe. Karatasi nilizihamisha kutoka nyumbani nikaziweka mahali pengine. Nanyi fanyeni hivyo.

Niliamua kufungua hekta 3 zaidi, ziwe 5 za kulima, na 4 zibakie miti. Si kwamba ninachukia trekta. Mgongo wangu unajua hekta moja kwa jembe ni nini. Watu wengi wanadhani miti na mashine haviwezi kukaa pamoja, lakini huko Mampu, kwenye uwanda wa Bateke upande wa Kinshasa, walipanda akasia karibu hekta 8.000, wakagawia familia hekta 25 kila moja. Watu wanakata sehemu, wanachoma makala, wanapanda muhogo na mahindi, na akasia inaota tena palepale. Asali wanapata humohumo. Miti ni sehemu ya kilimo chao.

Sasa kazi yenyewe.

Trekta haiingii porini kama ng'ombe. Kwanza tulipita kwa miguu, mimi na wamama wanne, wakati wa kiangazi, tukafunga kamba ya manjano kwenye kila mti unaobaki, na kumwaga majivu juu ya kila kisiki na kila jiwe lililojificha kwenye majani. Siku mbili za kazi. Shoferi alicheka alipoona majivu, lakini mwisho wa siku ya kwanza hakuwa amevunja kitu, na mwenye trekta akanipunguzia bei mwaka uliofuata.

Miti midogo vijana walikata kwa panga. Angalisho, wamama, hili ni dogo lakini linagharimu: kijana akikata mti mdogo kwa mshazari, kinabaki kisiki chenye ncha kama mkuki. Gurudumu la trekta likipanda juu yake, linatoboka. Gurudumu la nyuma si la kuziba kando ya njia kama la baiskeli. Wakate sawasawa, chini kabisa, au waache kirefu kinachoonekana.

Visiki vikubwa tuling'oa kwa mnyororo. Hapo nilimwona shoferi wa kwanza akifunga mnyororo juu, karibu na kiti chake, kwa sababu ilikuwa rahisi. Babu mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye shamba la kampuni alipiga kelele mpaka akasimama. Mnyororo unafungwa chini, kwenye chuma cha kuvutia, chini ya mhimili wa magurudumu ya nyuma. Ukifungwa juu na kisiki kikakataa, trekta inainua pua na kupinduka nyuma, juu ya shoferi, kwa muda usiofika sekunde 2. Hakuna mtu anayeruka kwa muda huo. Visiki vingine tuliviacha. Mutondo uliokatwa unatoa machipukizi, na baada ya miaka michache una fito na kuni bila kupanda.

Tulitumia jembe la visahani, si lile la ulimi. Katika udongo wenye mizizi, la ulimi linanasa na kuvunjika, lakini visahani vinapanda juu ya mzizi na kuendelea. Tulilima mvua za kwanza ziliposhuka. Kabla ya mvua udongo wetu mwekundu ni mgumu kama tofali, na baada ya mvua nyingi trekta ya tani 3 inaukandamiza na kukuachia njia ambazo mahindi hayataki kuota. Chini ya matawi ya miti inayobaki hatukulima kabisa, kwa sababu mizizi iko pale.

Kuhusu malipo: lipeni kwa hekta iliyopimwa. Msilipe kwa saa, wala kwa macho ya shoferi. Hekta ni metre 100 kwa metre 100. Tulinunua kamba, tukaipima metre 50, tukafunga fundo kila metre 10. Mara ya kwanza shoferi alisema amelima hekta 3, kamba ikasema 2 na nusu. Hatukugombana. Tulimwonyesha kamba tu.

Mwezi wa Mei, mvua zikiisha, trekta inarudi kwa kazi moja fupi ambayo mimi naithamini kuliko zote: inapita na visahani kuzunguka zile hekta 4 za miti, njia ya metre 5 hivi isiyo na jani. Ni kwa ajili ya moto. Ninyi mnajua kiangazi chetu, mtu anatafuta panya, anawasha nyasi, na kilometre nzima inaungua. Ng'ambo ya mpaka, Ndola, Zambia, tangu 1933 walijaribu jambo hili kwenye pori la namna yetu: sehemu moja walichoma mapema nyasi zikiwa bado na unyevu, sehemu nyingine mwisho wa kiangazi, nyingine hawakuchoma. Ile ya moto wa mwisho wa kiangazi ilipoteza karibu miti yote na kuwa nyasi. Ile iliyolindwa ilizidi kuwa msitu. Kwa hiyo adui mkubwa wa pori letu si shoka peke yake. Moto wa Septemba unaua miti midogo inayotaka kurudi baada ya shoka.

Nafika kwenye Julai.

Mahindi yalikuwa yamekauka, na kikundi chetu kilikuwa na mifuko mingi kuliko mikono. Tulikodi trekta pamoja na mashine ya kupukuchua. Mashine ile haina moteri yake. Inapata nguvu kutoka trekta, kwa chuma kirefu kinachozunguka, ambacho mafundi wanakiita kardani. Kardani mpya ina gamba la plastiki linaloifunika. Hii ilikuwa wazi. Nilimuuliza mwenye mashine, akasema gamba lilivunjika zamani na watu wanafanya kazi hivihivi. Nikanyamaza. Shamba lilikuwa langu, mimi ndiye niliyeita watu, na nilinyamaza kwa sababu mifuko ilikuwa inangoja.

Mama mwenzetu mmoja alikuwa anakusanya punje zilizoruka. Aliinama kuokota upande wa pili wa kardani, akataka kuivuka ili asizunguke trekta nzima. Ncha ya kikwembe chake iligusa. Sikuona inavyoanza, nilisikia kitambaa kikilia. Chuma kile kinazunguka mara 540 kwa dakika, maana yake mara 9 kwa sekunde, na kinameza karibu metre 2 za kitambaa ndani ya sekunde hiyo moja. Kikwembe cha yadi 2 ni hicho chote. Alishika nguo kwa mkono, kama mama yeyote angefanya ili asibaki uchi mbele ya watu, na mkono ukafuata nguo.

Kilichomwokoa ni kwamba kikwembe kilikuwa kizee, kikachanika. Na shoferi alikuwa kwenye kiti, akazima. Angekuwa amekwenda kuvuta sigara, leo ningekuwa naandika habari nyingine. Mkono ulivunjika mahali pawili. Alilala hospitali majuma matatu, likelemba yote ya mwezi ikaenda huko, na mpaka sasa hawezi kusonga bukari kwa mkono wa kuume. Binti yake anasonga. Mwenye mashine alituma mfuko mmoja wa mchele.

Nilikwenda kumwomba msamaha. Aliniambia, "Dada, mimi pia niliona lile chuma." Sijui kama ni msamaha.

Tangu hapo kikundi chetu kimeweka masharti, na mwenye trekta asiyeyakubali hatumpi kazi. Kardani bila gamba, hapana. Hakuna anayevuka kardani, hata imesimama, kama moteri inawaka. Kiti cha trekta ni kimoja na mtu ni mmoja. Watoto hawapandi kwenye bawa la gurudumu hata wakilia, na wanapenda kulia. Vitambaa vya kichwa vinafungwa bila mkia. Na sharti la mwisho ndilo lililoleta maneno: anayefanya kazi karibu na mashine havai kikwembe. Anavaa suruali.

Wamama, hamjui tulivyosemwa. Mama mzee mmoja wa kikundi, ambaye ninamheshimu, alisema mwanamke katika suruali mbele ya shoferi kijana ni aibu kwa ukoo. Mwingine alipendekeza suruali ndani na kikwembe juu, ili Mungu na mashine wote waridhike. Tulicheka, lakini ilibidi tumwonyeshe mkono wa mwenzetu ili aelewe kwamba kikwembe cha juu ndicho kinachoshikwa. Tulijadiliana Jumapili mbili. Mwisho yule mzee mwenyewe alisema: wakati wa mashine, suruali, mashine ikizimwa, kila mtu avae kikwembe chake kabla ya kula. Ndivyo tunavyofanya. Vikwembe vinangoja vimekunjwa juu ya kichuguu.

Suruali nyingi tulizipata bila kununua. Mji wetu ni mji wa migodi, na katika nyumba nyingi kuna salopeti za kazi za waume, wengine wamestaafu, wengine wamekufa. Ni nguo nzito, inakaa mwilini, haina ncha inayoruka. Tulikata miguu, tukashona viuno.

Ya kwangu ni ya baba watoto. Nilikuwa nimeivaa mwezi wa Oktoba, nimesimama na kamba ya mafundo mkononi, wakati shemeji alipokuja tena shambani. Aliangalia salopeti, akaangalia miti yenye kamba za manjano. Alikaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza kama trekta ikimaliza kwangu inaweza kupita kwake, na kama kamba ile naweza kumwazima.