Nauli ya Kitale–Bungoma Inavyotafuna Mshahara

Wanaolala Kibomet, mtaa wa Kitale, na kufanya kazi Webuye au Bungoma hawasafiri kwa kupenda. Wengi ni walimu, wauguzi, makarani wa serikali za kaunti zilizoanza kazi 2013, na wachuuzi wanaofuata soko la Chwele. Alfajiri hupanda boda hadi steji ya Kitale, kisha matatu ya kupitia Kiminini na Kamukuywa. Gari haliondoki mpaka lijae, na hata likijaa, abiria wa ziada hupachikwa kwenye sambaza, ule ubao unaolazwa kati ya viti. Nauli hii, kwa maoni yangu, ni makato ya mshahara, na anayeyapanga si mwajiri wala serikali.

Hesabu si ngumu. Nauli ikipanda shilingi 50 tu kwenda na 50 kurudi, anayesafiri siku 22 kwa mwezi hupoteza shilingi 2,200. Anayeumia zaidi ni muuza mitumba asiye na mshahara. Kilio chake kinajulikana kila steji: mvua ikinyesha, shule zikifunguliwa au Krismasi ikikaribia, nauli hupanda papo hapo, na mzigo hutozwa kando; lakini mafuta yakishuka bei, nauli hubaki ilipo. Maafisa hujibu kwamba ushindani utairekebisha. Abiria anayegombea kiti cha mwisho jioni hajauona ushindani huo. Wenye matatu nao wana hoja: kodi ya VAT kwenye mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023. Ni kweli, lakini hiyo inaeleza kwa nini nauli hupanda, haielezi kwa nini haishuki.

Wapo wanaouliza kwa nini wasafiri hawa wasihamie Bungoma. Kuhama ni kulipa kodi ya nyumba ya pili, kuwahamisha watoto shule na kuliacha shamba la mahindi bila mtu. Wengine huhofia kwamba nauli ikidhibitiwa, magari yatatoweka. Huenda ikawa hivyo bei ikikazwa mno, ndiyo maana hatua ya kwanza iwe nyepesi: nauli ibandikwe kila steji, na sababu ya kuipandisha ielezwe. Haitamaliza mzigo wote, na huenda isifuatwe bila usimamizi. Lakini kaunti zinazotoza ada za steji kila siku zina wajibu wa kumlinda abiria anayezijaza steji hizo.