Ujue Mwili Wako Kabla ya Kununua Dawa

Mtu apitaye alfajiri katika Divisheni ya Viwanda ya jiji la Mbale huwakuta wafanyakazi wa zamu ya usiku wakitoka malangoni na wale wa mchana wakiingia. Wengi wao si vijana tena. Ni watu wa makamo, wenye umri wa miaka 40 hadi 60, wanaosomesha watoto kwa mkono mmoja na kuwatunza wazazi kwa mkono wa pili. Mtu wa rika hilo akianguka haanguki peke yake. Nyumba nzima huyumba.

Kwa hiyo si ajabu kwamba rika hilo ndilo linalowindwa na wafanyabiashara wa afya ulimwenguni. Siku hizi matangazo ya simu yanasifu dawa ziitwazo peptidi. Yanasema kwamba zinapunguza unene, zinaponya maungo na kurudisha nguvu za ujana. Na kwamba kila mtu atapimiwa dawa yake peke yake, kama fundi cherehani ampimiavyo mteja nguo. Mazungumzo yetu ya leo yanakusudia kueleza peptidi ni kitu gani, ipi ni dawa na ipi ni biashara tu, na jambo gani limpasalo mtu wa makamo kulitenda kwanza.

Peptidi ni mnyororo mfupi wa chembechembe ziitwazo asidi amino, zile zile ambazo mwili huzitumia kujengea protini. Mwili wenyewe hutengeneza peptidi nyingi, na baadhi yake huzituma kama matarishi, wachukue amri kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Tarishi mashuhuri kuliko wote ni insulini, yenye asidi amino 51. Hutoka katika kongosho na kuziamuru chembe za mwili zipokee sukari iliyo katika damu. Tarishi huyo akikosekana, au amri yake isiposikilizwa, sukari hurundikana katika damu, na huo ndio ugonjwa wa kisukari.

Yafaa tukumbuke kwamba peptidi si uvumbuzi wa jana. Mnamo Januari 1922, huko Toronto, Canada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa insulini, akawa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kutibiwa kwayo. Kabla ya hapo mtoto mwenye ugonjwa kama wake alikuwa akingojea kifo. Mwaka 1923 wavumbuzi waliiuzia haki zao Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mmoja, ili dawa hiyo isihodhiwe na wachache. Na Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa za lazima, mwaka 1977, insulini ilikuwamo.

Tena insulini ni dawa ya mtu binafsi hasa. Mchukuzi wa magunia na karani akaaye mezani hawawezi kupewa kipimo kimoja, maana chakula, kazi, uzito na saa ya kula vyote huingia katika hesabu. Ikipungua, sukari hupanda. Ikizidi, mgonjwa hutetemeka, hutoka jasho na huweza kuzimia. Kumpimia kila mtu tiba yake, basi, ni jambo ambalo wauguzi wa kliniki za kisukari wamelifanya kwa miaka mingi, pasipo kulitangaza.

Peptidi za siku hizi zilizopata sifa ni zile zinazoiga tarishi mwingine, atokaye katika utumbo baada ya kula. Tarishi huyo huihimiza kongosho itoe insulini, hulichelewesha tumbo kumimina chakula, na huuarifu ubongo kwamba mtu ameshiba. Yule wa asili hudumu dakika chache tu. Wataalamu walimpata mfano wake wenye kudumu zaidi katika mate ya mjusi mmoja mwenye sumu wa majangwa ya Marekani na Mexico, na dawa iliyotokana naye iliruhusiwa Marekani mwaka 2005. Semaglutaidi, idungwayo mara moja kwa juma, ilifuata mwaka 2017. Mnamo Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za jamii hiyo katika orodha ya dawa za lazima, kwa watu wazima wenye kisukari cha aina ya pili ambao pia wana maradhi ya moyo au figo, na uzito uliozidi. Hizo ni dawa za kweli, kwa watu maalumu, chini ya uangalizi wa daktari.

Lakini nyuma ya dawa za kweli hufuata msafara wa nyingine. Kuna chupa za unga ambazo mnunuzi huambiwa auchanganye na maji mwenyewe na kujidunga nyumbani. Mojawapo ni BPC-157, isifiwayo kuponya kano na viungo, hali majaribio yake mengi yamefanywa kwa wanyama. Mwaka 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliitia miongoni mwa vitu vinavyoweza kuleta hatari. Hata semaglutaidi yenyewe imeghushiwa: mnamo Juni 2024 Shirika la Afya Duniani liliuonya ulimwengu juu ya sindano bandia zilizogunduliwa mwaka 2023 huko Brazil, Uingereza na Marekani. Ikiwa nchi zenye ukaguzi mkali zimepenyezwa, sisi hatuna budi kuwa macho zaidi. Na ajaye na vidonge vya peptidi aulizwe swali moja: tumbo, ambalo huikata protini ya maharage na samaki, litaiachaje peptidi hiyo ipite salama? Yawezekana, lakini kwa ustadi mkubwa wa kiwandani tu.

Hata hivyo, tuchukue lililo jema katika wazo la kila mtu na tiba yake, maana hapa Uganda lina maana kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 juu ya watu wazima wa Uganda waliokuwa wamegunduliwa karibuni kuwa na kisukari, ulionyesha kwamba takriban theluthi moja yao hawakuwa wanene. Mtu mwembamba wa namna hiyo aghalabu hupungukiwa na insulini yenyewe. Akinunua dawa ya kukonda kwa kufuata tangazo lililoandikwa kwa ajili ya mtu mnene wa nchi nyingine, atakuwa amelipa fedha zake ili ajidhuru.

Mfano mwingine ni kipimo kionyeshacho wastani wa sukari ya miezi mitatu. Kwa mtu aliyerithi chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, ingawa yeye mwenyewe ni mzima, kipimo hicho chaweza kusoma chini ya ukweli. Mashariki mwa Uganda wamo watu wengi wa namna hiyo. Daktari anayejua hali ya mgonjwa wake atatumia pia kipimo cha sukari ya asubuhi kabla ya kula. Muuzaji aliye ng'ambo hajui, wala hana haja ya kujua.

Basi mtu wa makamo aanzie wapi? Aanzie kwenye vipimo vitatu visivyo na gharama kubwa. Kwanza ni presha. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na presha ya juu, na walio wengi mno hawakujua. Presha inayofika 140 kwa 90 mara kwa mara yataka tiba. Pili ni sukari. Wenye kisukari walikuwa chini ya wawili katika kila 100, lakini karibu nusu yao hawakujua. Tatu ni kiuno: kipimwe kwa futi ya fundi, na kisizidi nusu ya urefu wa mtu. Mwenye kiu isiyokwisha, mwenye kukojoa mara kwa mara, au mwenye kidonda kisichopona, asingojee.

Wenye viwanda nao wana wajibu. Mashine hukaguliwa na kutiwa mafuta kabla haijaharibika. Mwendeshaji wake hastahili kupewa pungufu ya hapo. Mwuguzi mmoja mwenye kipimo cha presha, akisimama langoni siku moja kila mwezi saa ya kubadilishana zamu, aweza kuwaona watu ambao hawatafika Hospitali ya Rufaa ya Mbale mpaka wabebwe.

Na mwenye insulini lakini hana friji asikate tamaa. Chupa ambazo hazijafunguliwa zikae kliniki, penye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ile anayoitumia, utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ukifuata hali ya joto ya kambi ya Dagahaley huko Dadaab, Kenya, ulionyesha kwamba haikupoteza nguvu kwa majuma manne katika joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Aiweke kivulini, ndani ya chombo cha udongo kinachopozwa kwa maji, mbali na jua na jiko, na afuate maelekezo ya mwuguzi wake.

Ndugu wasikilizaji, hatusemi kwamba maarifa mapya yakataliwe. Dawa nzuri na zije, zikaguliwe, ziteremke bei na kuwafikia wanaozihitaji. Tunalosema ni kwamba afya ya mtu binafsi huanza kwa mtu huyo kujijua. Aliyekwisha kupimwa akaziandika namba zake daftarini anajua cha kumwuliza daktari, na anajua cha kumjibu mchuuzi. Asiyepimwa atauziwa chochote.