Kwa nini mtoto huchuchumaa: ramani ya moyo kwa mzazi wa Bunia

Mtoto anayekimbia na wenzake, kisha akachuchumaa ghafla akihema, magoti yakigusa kifua, si mvivu wala hakulogwa. Mkao huo hubana mishipa ya miguu, damu ikakosa njia rahisi ya kushuka, na nyingi zaidi ikapita mapafuni. Ni ishara ya tetralojia ya Fallot, kasoro ya kuzaliwa nayo aliyoieleza daktari Mfaransa Étienne-Louis Arthur Fallot mwaka 1888. Ishara hiyo haisomeki bila kujua moyo umejengwaje. Kwa hiyo ramani ya moyo si mali ya wapasuaji peke yao. Mzazi wa Bunia, katika jimbo la Ituri, mashariki mwa Kongo, anaihitaji pia.

Moyo una vyumba vinne. Upande wa kulia hupeleka damu mapafuni ikachukue oksijeni. Wa kushoto huisukuma mwilini. Ukuta huzitenga pande hizo. Katika kasoro ya Fallot, ukuta una tundu, njia ya mapafuni imebana, mshipa mkuu wa mwili umekaa juu ya tundu, na msuli wa chumba cha chini cha kulia umenenepa. Damu isiyo na oksijeni huvuka kwenda mwilini, na rangi ya buluu hujitokeza. Kwenye ngozi nyeusi, itafutwe ulimini na ndani ya midomo. Wala mama asilaumiwe: moyo hukamilika kuumbika karibu na wiki ya 8 ya mimba, wakati akina mama wengi ndiyo kwanza wanajitambua kuwa wajawazito.

Wapo watakaouliza: kujua kuna faida gani, ikiwa upasuaji uko Kampala kwenye Taasisi ya Moyo ya Uganda, au Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na barabara za Ituri hazina usalama? Swali ni zito. Lakini matundu mengi madogo ya ukuta wa moyo, yasiyo ya Fallot, hujifunga yenyewe, na kipimo kidogo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni husaidia kumtambua asiyepaswa kusubiri. Hata kabla ya safari, ujuzi hulinda: mtoto wa Fallot akiharisha na kuishiwa maji, hatari huongezeka; akishikwa na buluu kali, akunjwe magoti kifuani huku akikimbizwa hospitali. Mama anayejua haya hamkemei mtoto aliyechuchumaa. Humwacha apumue, kisha humfikisha kituo cha afya akijua la kumwambia muuguzi.