Pilipili Yenye Njaa

Sote hapa Kigali twajua mafuta ya Akabanga, yatokanayo na pilipili za Rwanda. Nyumbani kwetu karo yangu hutoka katika pilipili. Msimu mmoja maua yalipukutika, mama akanunua dawa ya wadudu, fedha ikapotea. Wadudu hawakuwapo. Miche ilikuwa na njaa.

Mche huhitaji boroni na zinki kidogo sana, kama chumvi katika mchuzi. Boroni husaidia ua kushika tunda. Zinki hukuza majani machanga. Basi kabla ya kununua dawa, tazama majani. Yakigeuka manjano yale ya chini, yaliyozeeka, mche wataka samadi. Yakidumaa na kupauka yale machanga ya juu, huenda umekosa zinki.

Changanya gramu 5 za salfeti ya zinki na gramu 2.5 za chokaa iliyozimwa katika lita 1 ya maji. Boraksi, gramu 1 kwa lita 1, inyunyizwe peke yake maua yanapokaribia. Nyunyiza asubuhi au jioni. Usizidishe: boroni nyingi huunguza majani. Wala usiache samadi. Chumvi peke yake si mchuzi.