Udongo mwekundu wa Usambara na safaya ya Umba: Undugu wao ni huu

Ukipita Mgwashi baada ya mvua, viatu havisalimiki. Udongo mwekundu unanasa kila kitu. Kwa mkulima, hilo ni shamba la maharage au chai. Kwa mwanafunzi wa jiolojia aliyepanda huko na nyundo, lenzi na daftari, hapo ndipo somo linaanza.

Mlima uliopikwa

Miamba ya Usambara ni miamba geu. Zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita ilikuwa kilomita nyingi chini ya ardhi, ikabanwa na kupata joto kali hadi madini mapya yakaota ndani yake. Ndiyo maana kwenye mawe ya korongoni huonekana vidoa vyekundu. Hizo ni ganeti, ila nyingi zina nyufa na hazifai hata kwa pete.

Mvua inachukua, aluminiamu inabaki

Baadaye mlima uliinuka, mvua ikaanza kazi. Maji huyeyusha na kuondoa kalisi, potasiamu na silika. Kinachobaki ni chuma, kinachotia wekundu, pamoja na aluminiamu. Kazi hiyo ikienda mbali sana, hutokea boksiti, mawe yanayotoa aluminiamu ya masufuria. Lushoto inayo, upande wa Magamba.

Mvua hiyohiyo huondoa pia chakula cha mimea. Ndo maana shamba la mlimani bila samadi na matuta huchoka haraka.

Umba nako?

Mto Umba unaanzia Usambara na kushuka kwenye nyika kavu kabla ya kuingia Kenya. Bonde lake linajulikana kwa ganeti na safaya za rangi nyingi.

Safaya ni aluminiamu na oksijeni tu, na rangi hutokana na chembe kidogo za madini mengine kama chuma. Huko Umba, mwamba wenye aluminiamu ulipenya kwenye mwamba wenye uhaba wa silika. Silika ikanyonywa, aluminiamu ikabaki na kuunda kristali.

Yaani mlimani mvua iliondoa silika, bondeni mwamba jirani ndio ulioinyonya. Kote aluminiamu ndiyo iliyobaki. Moja ni tope, nyingine ni kito.

Kinachong'aa si dhahabu

Vipimo vya kwanza havihitaji maabara:

- Ulanga hung'aa, lakini unabanduka kwa kucha kama karatasi.
- Pairaiti ni ya manjano kama dhahabu, ila ukiigonga inavunjika. Dhahabu hubonyea.
- Kwatzi hukwaruza kioo. Safaya hukwaruza kioo na kwatzi pia.

Usijaze begi kwanza

Kwa mujibu wa Sheria ya Madini, madini ni mali ya Jamhuri ya Muungano, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kumiliki shamba si kumiliki kilicho chini yake, na kuchimba bila leseni ni kosa. Darasa linalotaka sampuli lianze ofisi ya madini ya mkoa na uongozi wa kijiji. Ndani ya msitu wa hifadhi, lazima wahusike TFS.

Sababu haiishii kwenye makaratasi. Kuanzia 2003, watu walifurika Sakale, Usambara Mashariki, kusaka dhahabu. Mashimo yakafika hadi kwenye vijito vinavyolisha mto Zigi, ambao jiji la Tanga linautegemea kwa maji ya kunywa.

Boksiti nayo hukaa juu kwenye vilele, palepale msitu unapokusanya maji. Ukikata kilele, anayeumia kwanza ni wa bondeni mwenye ndoo.

Kwa hiyo mwanafunzi anayeshuka Usambara na mawe matatu yaliyoandikwa vizuri mahali yalipotoka, amevuna kuliko aliyeshuka na gunia. Jiwe lisilojulikana lilikotoka halimfundishi mtu kitu.