MBWA MWENYE USO BAPA: UKIPENDA BOGA PENDA NA UA LAKE

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wengi wetu tumezoea mbwa wa aina moja tu: yule anayelala nje, anayebweka usiku na kula makombo ya ugali. Lakini siku hizi katika miji yetu kuna watu wanaofuga mbwa wadogo wenye uso bapa, kana kwamba waligonga ukuta wakiwa mbioni. Mmojawapo ni pagi. Huyu ana uzito wa kilo 6 hadi 8 hivi, macho makubwa ya mviringo, makunjo usoni kama ya ajuza, na mkia uliojiviringa juu ya mgongo. Mtu akimwona hucheka, akampenda, akamnunua. Ni wachache mno wanaouliza kwanza, je, mbwa huyu hutunzwaje?

Asili ya pagi ni nchi ya Uchina, ambako alifugwa na wafalme na wakuu. Katika karne ya 16 alifika Ulaya, hasa Uholanzi. Lakini msidhani alikuwa na uso huu wa leo. Mchoraji Mwingereza, William Hogarth, alijichora pamoja na pagi wake mwaka wa 1745, na katika picha hiyo pua ya mbwa ni ndefu kuliko ya pagi wa leo. Ni binadamu waliochagua wale wenye pua fupi na kuwazalisha, kizazi baada ya kizazi, mpaka pua ikakaribia kutoweka. Mfupa wa uso ulipungua, lakini nyama za ndani hazikupungua kwa kiasi hicho. Ulimi, kaakaa laini na nyama za puani zote zinabanana katika nafasi finyu. Hapo ndipo shida zake nyingi zinapoanzia.

Shida ya kwanza, na ndiyo kubwa, ni pumzi. Tundu za pua yake ni nyembamba, nalo kaakaa laini ni refu hata huziba njia ya hewa. Ndiyo sababu hukoroma hata akiwa macho. Watu husema, "Lo! Sikia anavyokoroma, anafurahisha!" Kumbe mwenzetu anatafuta hewa.

Tena mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Jasho lake ni kidogo tu, chini ya nyayo. Joto hulitoa kwa kuhema: hewa hupita juu ya ulimi na ndani ya pua iliyo na majimaji, maji yakageuka mvuke na mwili ukapoa. Mbwa mwenye pua ndefu ana nafasi kubwa ya kufanya kazi hiyo. Pagi hana. Akihema kwa nguvu, koo lake huvimba, na likivimba hewa hupungua, basi anazidi kuhema na joto linazidi kupanda. Joto la kawaida la mbwa ni kama digrii 38 hadi 39. Likipita 41 yumo hatarini.

Mtaani kwetu kulikuwa na pagi mmoja. Mwenyewe alimfunga nje mchana karibu na kibanda cha mabati, kama anavyofungwa mbwa yeyote wa ulinzi, akaenda zake kazini. Maji alimwekea, lakini kivuli kilihama na jua likamfuata. Watoto waliporudi kutoka shuleni walimkuta amelala ubavu, ulimi umegeuka rangi ya zambarau. Hakuiona jioni ile. Yule jirani hakuwa mkatili hata kidogo. Alimpenda sana mbwa wake, na alilia mbele za watu. Ila tu hakuna aliyekuwa amemwambia. Ndiyo maana nikaona makala haya yana haja ya kuandikwa.

Basi, mwenye pagi afanye nini? Amtembeze asubuhi na mapema au jioni, si saa sita mchana, hasa akiwa anaishi Mombasa, Kisumu au Garissa. Asimwache ndani ya gari lililofungwa, hata kwa dakika chache. Asimfunge mshipi shingoni akimvuta, bali atumie mkanda wa kifuani, ili koo lisibanwe. Na akimwona anahema kupita kiasi, ampeleke kivulini, ammwagie maji ya baridi mwili mzima, ampepee, kisha amkimbize kwa daktari wa mifugo. Asingoje aone kama atapata nafuu.

Shida ya pili ni macho. Kwa kuwa yametokeza nje na hakuna pua ya kuyakinga, hukwaruzwa upesi na majani, vumbi, hata kucha za paka. Jicho likiwa jekundu, likitoa machozi au likifumbwa, usimtie dawa ya binadamu. Mpeleke kwa daktari siku iyo hiyo, maana kidonda cha jicho kinaweza kumpofusha.

Tatu ni makunjo ya uso. Ndani yake hukusanyika mabaki ya chakula, machozi na uchafu, na pakiwa na unyevu ngozi huoza na kunuka. Ipanguse kwa kitambaa safi chenye maji, halafu, na hili ndilo husahauliwa, ikaushe kabisa.

Nne ni chakula. Pagi ni mlafi ajabu! Atakutazama kwa macho yale hadi umpe sahani yako. Lakini akinenepa, mafuta huzidi kumbana pumzi. Mpimie chakula chake, na umwepushe na vitunguu, chokoleti na mifupa ya kuku iliyopikwa. Meno yake pia yamesongamana katika taya fupi, kwa hivyo yanahitaji kusafishwa. Chanjo nazo asikose, hasa ile ya kichaa cha mbwa.

Sasa, aliye na nia ya kununua na ajiulize: je, nyumbani kuna mtu wa kukaa naye mchana? Kuna kivuli? Kuna pesa za daktari? Akishaamua, amtazame mzazi wa mtoto huyo wa mbwa akitembea. Kama mama mwenyewe anakoroma na kutweta baada ya hatua chache, watoto watafanana naye. Achague mwenye tundu za pua zilizo wazi na pua iliyochomoza kidogo. Uholanzi ilikwisha kuona ubaya huu, na mwaka wa 2019 iliweka masharti ya kuzuia kuzalishwa kwa mbwa wenye pua fupi mno. Mnunuzi anayekataa pua fupi kupita kiasi humsaidia hata mbwa ambaye hajazaliwa.

Wenzangu, mbwa huyu hakujichagulia uso wake. Ni sisi binadamu tuliomnyang'anya pua kwa ajili ya kupendeza macho yetu. Basi anayemfuga na awe pua yake: amtafutie hewa, kivuli na maji. Asiyeweza kazi hiyo, heri afuge yule wetu wa kawaida mwenye pua ndefu. Naye pia hupenda, na hutikisa mkia vilevile.